Fomu imejaa, faili tupu

Kijana alirudi Jumatano saa nne asubuhi na hakunisalimia. Anayewajua watu wa hapa Morogoro atanielewa. Alisimama mlangoni, akaninyooshea simu nisome barua pepe aliyojibiwa. Mistari miwili tu: maombi yako yamepokelewa, lakini fomu uliyoambatisha haijajazwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita usiku uliotangulia.

Jumatatu alikuwa amekaa kwenye kompyuta yangu ya dirishani kwa saa moja na nusu. Kurasa sita za maombi ya nafasi ya mafunzo kazini. Nilimwona akiandika shule alizosoma, wadhamini wawili na namba zao za simu, na kule mwisho kile kisanduku kikubwa cha kueleza kwa nini unaitaka nafasi hii. Hicho alikiandika, akakifuta, akakiandika tena, akaniita nimsomee. Tuliprinti, karatasi zikatoka safi, kila kisanduku kimejaa. Tukazipitia pamoja. Kisha akaniomba nimsaidie kutuma. Nikafungua barua pepe yake, nikaenda kwenye folda ya vilivyopakuliwa, nikachukua lile faili, nikaambatisha, tukatuma. Alinilipa na kunishukuru.

Aliyeambatisha faili tupu ni mimi.

Siku ile kazi nyingine ilinishinda. Nilimrudishia pesa yake. Nikapiga simu ile ofisi, haikupokelewa. Tukajaza fomu upya kwa kunakili kutoka kwenye karatasi zilezile tulizoprinti Jumatatu, nikaandika barua pepe kueleza kwamba kosa ni la steshenari, mwombaji hana hatia, na safari hii nikalifungua faili mara tatu kabla ya kulituma. Hawakujibu.

Naandika haya kwa wenzangu wenye steshenari, na kwa yeyote ambaye ndugu na majirani humletea mambo yao ya mtandaoni awasaidie. Nina miaka kumi na tatu katika kazi hii, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza: mtu akibofya hati, ifunguke wapi? Nilikuwa naona kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao kama Chrome, kinafungua, basi. Sasa najua kwamba swali hilo ndilo linaloamua kama karatasi ya mtu itafika ilivyo, na kama itabaki kuwa yake.

Usiku ule, baada ya kufunga, nilirudia alichofanya kijana hatua kwa hatua. Nikalipakua faili kutoka kwenye barua pepe. Nikalibofya mara mbili. Likafunguka ndani ya kivinjari, kwa sababu Windows ya kompyuta ile ilikuwa imepangwa hivyo tangu siku niliyoinunua na mimi sikuigusa. Nikaandika jina langu kwenye kisanduku cha kwanza. Nikaprinti, jina likatoka. Nikafunga kichupo, yaani ule ukurasa uliofunguka ndani ya kivinjari. Nikalifungua tena lile faili: kisanduku cheupe kabisa.

Kumbe unapojaza fomu ndani ya kivinjari, maandishi yako yanakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari hadi utakapoamuru yahifadhiwe. Printa inachukua kile kinachoonekana kwenye kioo. Barua pepe inachukua kile kilichoko kwenye diski. Ni vitu viwili tofauti, na siku ile viliachana bila mtu yeyote kati yetu kujua. Kwenye Chrome ukishajaza kitu na kubonyeza ule mshale wa kupakua ulioko juu kulia, unapewa njia mbili: kuhifadhi pamoja na ulichobadilisha, au kuhifadhi faili lilivyokuwa mwanzo. Sisi hatukuubonyeza kabisa. Tulikuwa na faili tayari kwenye folda, tukaliamini.

Nilipoanza duka hili, mambo yalikuwa mengine. Hati ya PDF, kama ile fomu ya kijana, ikikutokea kwenye tovuti, kivinjari kiliazima programu ya kusomea iliyoko kwenye kompyuta, kikaipachika katikati ya ukurasa. Ilikuwa nzito, kompyuta inakwama, mteja anapiga vidole mezani. Chrome walikuwa wameshaweka kisomaji chao wenyewe tangu mwaka 2010. Firefox, kivinjari kingine, wakafuata Februari 2013 katika toleo la 19, kwa kisomaji kinachoitwa PDF.js, ambacho kimeandikwa kwa JavaScript, lugha ileile inayoendesha kurasa za wavuti. Mwaka 2015 Chrome wakaacha kabisa kupokea zile programu za kupachikwa za mtindo wa zamani. Kwa hiyo taratibu, bila tangazo lolote mlangoni kwangu, kivinjari kikawa ndicho kisomaji cha hati. Kwa kusoma tu, ni nafuu kubwa. Lakini sisi wa madukani tulibaki na mazoea ya zamani, kwamba hati iliyofunguka ni hati iliyoko mkononi mwako.

Sasa nieleze nilichobadilisha, na nilivyokosea mara ya kwanza.

Kwenye Chrome unaandika pale juu, mahali pa anwani, chrome://settings/content/pdfDocuments kisha unabonyeza Enter. Ukurasa unaotokea una machaguo mawili: PDF zipakuliwe, au zifunguliwe ndani ya Chrome. Kwenye Edge, kivinjari kinachokuja na Windows, anwani ni ileile, ila mwanzo wake ni edge badala ya chrome. Usipotaka kuandika anwani, pitia mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, ushuke hadi chini kwenye mipangilio ya ziada ya maudhui. Ni mbali, na sidhani kama mteja wa kawaida anaweza kufika huko kwa bahati.

Kwa hasira ya siku ile nilichagua zipakuliwe, kompyuta zote nne. Nikaweka programu ya kusomea PDF inayojitegemea, nikaingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, nikachagua kwamba kila faili linaloishia na .pdf lifunguliwe na programu hiyo. Wazo langu lilikuwa kwamba kila hati iwe faili halisi kwenye diski, ikijazwa ihifadhiwe palepale, ikitumwa itumwe hiyohiyo. Binti ninayefanya naye kazi alifurahi. Akasema, “Dada, sasa hata nikifunga kwa bahati mbaya programu inaniuliza kwanza kama nihifadhi.” Siku kumi na saba tulifanya hivyo.

Siku ya kumi na nane akaja mzee mmoja wa mtaani kwetu, anataka kuprinti barua ya kikao cha ukoo aliyotumiwa. Binti akafungua folda ya vilivyopakuliwa ili aitafute. Folda ile tuliiweka ionyeshe mafaili kwa picha ndogo ndogo, kila picha ni ukurasa wa kwanza wa hati. Mzee amekaa pembeni yake, miwani puani. Kwenye mstari wa juu kulikuwa na majibu ya vipimo vya hospitali ya dada mmoja, jina lake juu kwa herufi kubwa. Yule dada na yule mzee wanachota maji bomba moja.

Mzee alitazama, kisha akainamisha kichwa. Akasema taratibu, “Mwanangu, haya msinionyeshe.” Akahama kiti, akakaa akiangalia barabarani mpaka barua yake ilipotoka.

Nilihesabu baada ya yeye kuondoka. Mafaili 463 kwenye kompyuta moja, kwa siku kumi na saba. Wasifu za waombaji kazi, mikataba ya kupanga nyumba, hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taarifa za mishahara, barua za mahakama, picha za vitambulisho zilizogeuzwa PDF. Mpangilio wa kwanza uliniangusha kwa kutohifadhi. Huu wa pili ulihifadhi kila kitu cha kila mtu, na kukiacha kitini kwa mteja anayefuata. Na nisiseme kwamba sikujua wajibu wangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na imeanza kutumika 1 Mei 2023, na majibu ya hospitali ni miongoni mwa taarifa ambazo sheria hiyo inazitazama kwa uangalifu zaidi. Ila siku ile mwenzenu sikuwa nafikiria sheria. Nilikuwa namfikiria yule dada akija kununua daftari la mtoto, na mimi namtazama usoni.

Wapo wateja wanaojihami kwa kutumia dirisha la faragha, lile la giza lenye alama ya kofia na miwani. Niwaambie wazi: kwenye Chrome dirisha lile linasahau historia na nywila, lakini faili ulilolipakua linabaki kwenye folda kama kawaida baada ya kulifunga. Nimewaona wanafunzi wa chuo, watu wasomi, wanafungua barua pepe kwenye dirisha la faragha, wanapakua, wanaprinti, wanafunga wakiwa na amani kabisa, na hati zao ziko palepale.

Hapo ndipo nilipomwita mdogo wangu anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Nilikuwa na swali lililonikera tangu mwanzo: mbona hata kabla sijabadilisha kitu, PDF nyingine zilikuwa zinafunguka ndani na nyingine zinapakuliwa zenyewe, kivinjari kilekile, mpangilio uleule? Maelekezo ya kujiunga na kidato cha tano ya shule moja yanafunguka, ya shule nyingine yanashuka. Nilidhani ni mtandao.

Alibonyeza F12, akafungua sehemu inayoonyesha mawasiliano ya kivinjari na seva, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti, akanionyesha maneno yanayotangulia faili kabla faili lenyewe halijafika. Nitayaeleza kwa jinsi nilivyoyaelewa mimi, kwa mizigo ya basi. Pale stendi ya Msamvu mzigo ukishuka kutoka Dar, una karatasi juu yake. Karatasi inasema kilichomo ni nini, na mara nyingine inasema apewe mwenyewe mkononi au uachwe ofisini. Seva nayo inabandika karatasi. Mstari mmoja unaitwa Content-Type, ndio unaosema kilichomo. Kwa PDF unatakiwa usome application/pdf. Mstari mwingine unaitwa Content-Disposition, ndio unaosema namna ya kukabidhi. Ukisoma inline, kivinjari kinaruhusiwa kuifungua palepale. Ukisoma attachment, maana yake ni kiambatisho, kipakuliwe. Na kuna seva ambazo mwenye nazo hakuandika kilichomo, akaweka tu application/octet-stream, yaani mzigo ambao haukutajwa ni nini. Kivinjari kikikutana na huo hakina ujasiri wa kuufungua, kinaushusha chini.

Kwa hiyo mpangilio wako kwenye Chrome una mipaka. Ukichagua zifunguliwe ndani, bado zile zenye karatasi ya attachment zitashuka kwenye folda yako. Ukichagua zipakuliwe, zote zitashuka. Nililala usingizi mzuri siku ile kwa kuwa jambo lililonisumbua miaka limepata jina.

Baada ya hapo nilipanga upya, na mpangilio huu ndio ninaoutumia mpaka leo. Kila kompyuta ina vivinjari viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Chrome ni ya kusoma na kuprinti. Nimerudisha PDF zifunguke ndani. Mteja anayetaka kuprinti matokeo, tiketi au barua anafungua, tunaprinti kutoka kwenye kichupo, tunafunga, na kwa nyingi hakuna faili linalobaki kwenye folda. Kwa zile zenye kushuka zenyewe, nimeingia kwenye mipangilio ya vipakuliwa nikawasha ile swichi ya kuuliza mahali pa kuhifadhi kabla ya kupakua. Swichi hii ndogo imenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Sasa hakuna hati inayoingia kwenye kompyuta yangu kimyakimya. Kidirisha kinajitokeza, binti anamuuliza mteja una flashi? Akiwa nayo, tunahifadhi kwenye flashi yake. Akiwa hana, tunahifadhi kwenye folda niliyoiita LEO, na folda hiyo tunaifuta kila jioni kabla ya kuzima, kisha tunamwaga na pipa la taka. Kufuta bila kumwaga pipa ni kuhamisha tu.

Firefox ni ya kujaza. Unaandika about:preferences, unashuka kwenye sehemu ya mafaili na programu, unakuta orodha ya aina za mafaili. Kwenye mstari wa PDF unachagua: kifungue ndani ya Firefox, kiulize kila mara, kihifadhi, au kitumie programu nyingine. Mimi nimeweka kiulize kila mara. Napenda Firefox kwa jambo hili kwa sababu orodha ile inakupa uamuzi kwa kila aina ya faili, siyo PDF peke yake. Na tangu toleo la 106, la Oktoba 2022, ukiwa ndani ya kisomaji chake unaweza kuandika maandishi juu ya PDF ambayo haina visanduku vya kujaza, hata kuchora sahihi kwa kipanya. Zile fomu za mistari ya nukta nukta, ambazo zamani tulikuwa tunaziprinti, tunazijaza kwa kalamu na kuziskani tena, sasa baadhi tunazimaliza hapohapo.

Lakini Firefox nayo ina jambo la kuangalia. Zamani ukichagua kufungua faili kwa programu nyingine, lilikuwa linawekwa kwenye folda ya muda. Kuanzia toleo la 98, Machi 2022, yakaanza kuingia kwenye folda ya vilivyopakuliwa kama mengine yote. Nilipopanga mafaili ya zamani kwa tarehe kwenye kompyuta yangu kongwe, niliona kabisa: kabla ya hapo mafaili machache, baada ya hapo msururu. Kama hutaki hivyo, unaingia about:config, unatafuta browser.download.start_downloads_in_tmp_dir, unaiweka true. Mpangilio huo umekuwepo tangu toleo la 102. Faili unalolifungua linaanzia kwenye folda ya muda, nami hiyo pia huisafisha mwenyewe, siachii bahati.

Kuprinti nako kuna neno. Fomu nyingi kutoka Marekani zimepangwa kwa karatasi ya Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Ukiprinti kutoka kwenye kivinjari bila kuangalia kipimo, pembeni panaweza kukatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni namba ya ukurasa au mstari wa sahihi. Chrome ikifungua PDF, kwenye kidirisha cha kuprinti fungua mipangilio zaidi uchague ipunguzwe kutosha eneo la kuprinti. Lakini cheti chenye msimbo wa mraba (QR), au ramani ya kiwanja yenye vipimo, usiipunguze hata kidogo. Mpimaji mmoja aliwahi kunirudishia ramani kwa sababu skeli ilikuwa imeharibika, na alikuwa na haki.

Mafundi wengine wananiambia kufungua kwenye kivinjari ni hatari, wengine wanasema kupakua ndiko kwenye hatari. Kwa kazi yangu naona kivinjari ni salama zaidi kwa hati usiyoijua inatoka wapi. Kisomaji cha Chrome kinafanya kazi ndani ya kizimba kilichotengwa na kompyuta yote, na kile cha Firefox kinabanwa na masharti kama ya ukurasa wa wavuti. Hata hivyo vizimba huvunjwa. Agosti 2015 Firefox walilazimika kutoa toleo la 39.0.3 kwa haraka kwa sababu kuna watu walikuwa wametumia tundu kwenye kisomaji cha PDF kuiba mafaili ya watu kutoka kwenye kompyuta zao. Kwa hiyo sasisho nalipa bando lake kila mwezi kama ninavyolipa umeme. Na kwenye Windows nimewasha mafaili yaonyeshe viishilio vyake, zile herufi za mwisho wa jina, maana tumewahi kuletewa flashi yenye faili linaloitwa fomu.pdf na nyuma yake kumefichwa .exe, yaani ni programu, siyo hati. Ukishalipakua na kulibofya mara mbili, hapo hakuna kivinjari cha kukukinga.

Hati za Word nazigusa kidogo tu. Chrome haizifungui zenyewe, inazishusha. Edge ina mpangilio wa kuzifungua ndani ya kivinjari. Mimi nimeuzima, kwa sababu mteja anataka kurekebisha wasifu wake, hakuja kuutazama.

Bado kuna jambo moja sijalipatia jibu la kuniridhisha, nalo ni simu. Wateja wengi sasa wanakuja na hati kwenye simu na wanataka kuituma kwenye kompyuta yangu kwa WhatsApp. Maana yake ninafungua WhatsApp yao kwenye kivinjari changu, na hati inashuka. Kwa sasa tunahifadhi kwenye LEO, tunaprinti, tunafuta mbele ya macho ya mwenyewe, na tunamwonyesha kwenye simu yake jinsi ya kuitoa kompyuta yetu kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Inachukua dakika mbili. Wakati wa msimu wa maombi ya mikopo, foleni ikifika nje hadi kwa muuza mihogo, dakika mbili hizo zinauma. Hatuziruki.

Binti amebandika karatasi juu ya kila kioo, kaiandika kwa mkono wake: KUSOMA au KUJAZA? Ndilo swali la kwanza tunalomuuliza mteja, kabla hajashika kipanya. Akisema kusoma, tunafungua Chrome. Akisema kujaza, Firefox, na tunalihifadhi faili likiwa tupu kwa jina jipya lenye jina lake, kabla hajaandika hata herufi moja. Akimaliza, anahifadhi, anafunga kila kitu, analifungua tena lile faili kutoka mahali lilipohifadhiwa na analisoma mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza. Ndipo tunaambatisha.

Mwezi uliopita yule kijana alikuja. Alisimama mlangoni, akasema, “Shikamoo dada.” Alikuwa na fomu nyingine, kurasa nne. Nikamwekea kiti pale dirishani. Alipomaliza alihifadhi, akafunga, akafungua tena, akaweka kidole kwenye kioo juu ya jina lake na kuanza kusoma, kisanduku kimoja kimoja, hadi mwisho. Kisha akanigeukia, akasema nitume.